Kujitengenezea ngoma nyumbani Bunia: mbao, ngozi, na mambo ya kuangalia kabla ya kuanza

Jumapili asubuhi, toka Mudzipela mpaka Simbiliabo, mtu anayetembea kwa mguu hachukui muda mrefu bila kusikia ngoma. Huku ni korali ya parokia na ngoma zake tatu za mti. Kule ni kanisa dogo la manjanja, lenye bateri kamili: gros kes, kes kler, na tom mbili. Mbele kidogo ni vijana wanafanya repetisyo nyuma ya nyumba, wanapiga bidoni la njano.

Lakini ngoma ya kununua iko na bei. Bateri mpya inatoka ng'ambo, mara nyingi inapitia Uganda, na inalipwa kwa dola. Ngoma nzuri ya mti nayo inahitaji gogo kubwa, na magogo makubwa yako mbali na mji. Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo Ituri inalijua vizuri: mtu anayekimbia vita hubeba mtoto, godoro na sufuria. Ngoma ya kanisa au ya ukoo ni nzito, inabaki kijijini. Watu wanafika Bunia, kwa jamaa au katika eneo la wakimbizi kama Kigonze, wakiwa na nyimbo zote kichwani, na hakuna cha kupiga.

Ndiyo maana wengi wanajaribu kujitengenezea wenyewe. Kazi hiyo inawezekana, hata kwa mtu asiye seremala, ikiwa anajua mambo machache: sauti inatoka wapi, mbao inakatwa kwa pembe gani, na ngozi gani haifai kuguswa hata kama wanaitoa bure. Hili la mwisho ni la uhai na kifo.

Kwa nini ngoma ina nafasi kubwa hivi

Kwa Kiswahili neno moja, ngoma, ni chombo, ni mchezo, na ni sherehe yenyewe. Waalur wa Mahagi wanaita bul. Kila kabila la Ituri liko na jina lake na mapigo yake. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alipita kandokando ya msitu wa Ituri na mashine yake. Alirekodi Wabira, Wabudu, Wanande na Wambuti. Rekodi hizo zingali zinahifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954.

Kanisani ngoma haikuingia kwa urahisi. Wamisionari wengi wa zamani waliiona kuwa chombo cha kipagani, wakaikataza. Mambo yalianza kubadilika kidogo kidogo. Mwaka 1958, Kamina, kule Katanga, korali ya watoto ya padri Guido Haazen iliimba misa ya Kilatini kwa ngoma na sauti za Kikongo, ile inayojulikana duniani kwa jina la Missa Luba. Miaka 30 baadaye, mwaka 1988, Vatikani ilikubali rasmi misa ya riti ya Zaire, na ngoma na mchezo ndani yake. Papa Fransisko mwenyewe aliiongoza riti hiyo katika kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka 2019. Kwa hiyo, kijana wa Bunia anayekata mbao ili korali ipate ngoma yuko katika safari ndefu iliyoanza kabla yake.

Sauti inatoka wapi

Kabla ya kushika msumeno, fundi anapaswa kujua mambo matatu yanayoamua sauti ya ngoma: upana wa ngozi, uzito wa ngozi, na nguvu inayoivuta.

Upana ndio wa kwanza. Ngozi ileile, ikivutwa kwa nguvu ileile, juu ya ngoma yenye upana mara mbili, inatoa sauti ya chini zaidi kwa oktava nzima. Ni kama kutoka do ya juu mpaka do ya chini.

Uzito ni wa pili. Ngozi ya ng'ombe ni nene, inalia chini na polepole. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba, inalia juu na inajibu mkono haraka.

Nguvu ya kuvuta ni ya tatu, na hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu anatengeneza ngoma pana, halafu anataka ilie juu sawa na ndogo, anakaza, anakaza, mpaka ngozi inapasuka. Sababu ni hii: ili sauti ipande oktava moja kwa kukaza peke yake, nguvu inapaswa kuongezwa mara nne. Ngozi na duara la chuma haviwezi kubeba mzigo huo. Kwa hiyo upana unachaguliwa kwanza, na kukaza kunakuja mwishoni kwa kurekebisha tu.

Mwili wa ngoma, yaani lile pipa la mti au la chuma, unasaidia kubeba sauti. Lakini sehemu yake iliyo ya lazima zaidi ni ukingo, pale ngozi inapolala. Ukingo ukiwa na bonde hata dogo, ngoma inakoroma na haitulii kwenye sauti moja. Kuna njia rahisi ya kuupima. Usiku, ngoma isiyo na ngozi inageuzwa juu ya meza iliyo sawa kabisa au juu ya kioo, na tochi ya simu inawashwa ndani. Pale mwanga unapotoka ndipo kuna bonde. Fundi anasugua kwa papie ya msasa upande ulio juu, anapima tena, mpaka mwanga usitoke.

Njia ya kwanza: gogo

Hii ndiyo njia ya wazee. Burundi, ambako mchezo wa ngoma za kifalme uliandikwa na UNESCO mwaka 2014, mti unaotumika unaitwa umuvugangoma, jina linalomaanisha mti unaofanya ngoma iseme. Wataalamu wanauita Cordia africana. Tanzania unajulikana kama mringaringa, na Waganda wanauita mukebu. Uganda, kijiji cha Mpambire kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Masaka kinajulikana kwa mafundi wa ngoma waliopanga kazi zao kandokando ya lami.

Mti wa ngoma unatakiwa uwe mwepesi kuchonga na usiopasuka ovyo. Gogo linachongwa likiwa bado na maji. Fundi hachongi mpaka mwisho siku ileile: anatoboa ndani na kuacha ukuta mnene, sentimita 4 au 5, anapaka mafuta mazito au rangi kwenye ncha mbili, kisha analiweka kivulini kwa miezi. Ncha zinapakwa kwa sababu maji yanatoka haraka zaidi huko kuliko ubavuni, na mahali panapokauka kwanza ndipo panapopasuka. Kisha ukuta unapunguzwa mpaka karibu sentimita 2.

Shida ya gogo ni hasara ya mti. Gogo la upana wa sentimita 40, likitobolewa mpaka ukuta ubaki sentimita 2, linapoteza karibu sehemu 8 kati ya 10 za mti wake. Mti uliokua miaka mingi unatoa ngoma moja na lundo la kuni. Milima inayozunguka Bunia imebaki zaidi na mikaratusi, na mkaratusi ni mti unaopenda kujipinda na kupasuka unapokauka. Kwa mtu wa mjini, basi, gogo linafaa pale tu mti umeanguka wenyewe au umekatwa kwa sababu nyingine: mwembe uliovunjwa na upepo, au mwavoka uliozeeka uani.

Njia ya pili: vipande vya mbao

Njia hii inafanana na ile ya kutengeneza pipa la divai: vipande virefu vinapangwa kwa mduara na kuunganishwa. Inafaa sana Bunia, kwa sababu mji uko kwenye njia ya mbao zinazotoka misitu ya Mambasa, na kwa menizie hakukosi vipande vinavyobaki. Vipande hivyo, ambavyo vingi huishia jikoni, vinaweza kuwa ngoma.

Hesabu yake ni ya shule ya sekondari, na raporteri ya mwanafunzi inatosha. Mduara mzima una digrii 360. Ikiwa ngoma ina vipande 12, kila kipande kinachukua digrii 30. Kila kipande kina pande mbili zinazokutana na jirani, kwa hiyo kila upande unakatwa kwa nusu, digrii 15. Kwa vipande 16 ni digrii 11 na robo. Kwa vipande 20 ni digrii 9. Kanuni ni moja: 180 kugawa kwa idadi ya vipande.

Upana wa kila kipande kwa nje unapatikana kwa kuzidisha upana wa ngoma na namba hizi: 0,268 kwa vipande 12, 0,199 kwa vipande 16, 0,158 kwa vipande 20. Mfano: tom ya sentimita 30, vipande 12. Mara 30 kwa 0,268 inatoa sentimita 8 na kidogo. Kes kler ya sentimita 36, vipande 16, inatoa sentimita 7 na milimita 2 hivi.

Kwa tom hiyo ya sentimita 30, yenye urefu wa sentimita 25, fundi anahitaji vipande 12 vya sentimita 25. Jumla ni mita 3 za ubao wenye unene wa sentimita 2 na nusu. Ubao mmoja wa mita 4 unatosha na unabaki.

Hatari ya njia hii ni kosa dogo. Msumeno ukikosea nusu digrii tu kila upande, vipande 12 vina pande 24, kwa hiyo kosa linafika digrii 12. Vipande vinakataa kufunga mduara, na pengo linalobaki ni kubwa, kole haiwezi kulifunika. Ndiyo sababu mafundi wenye uzoefu hawakati kwanza ubao wa kweli. Wanakata vipande vya majaribio kwa mbao ya bure, wanavipanga kavu bila kole, wanarekebisha pembe, na hapo tu wanaanza kazi.

Kuunganisha kunafanyika hivi. Vipande vinalazwa mezani, kimoja kando ya kingine, mgongo juu. Skochi pana inabandikwa juu yake kwa mistari mitatu. Kisha vyote vinageuzwa pamoja. Sasa katikati ya kila kipande na jirani yake kuna mfereji wenye sura ya V. Kole ya mbao inapakwa ndani ya mifereji yote, na vipande vinakunjwa kama mtu anayekunja mkeka, mpaka cha kwanza kikutane na cha mwisho. Ili kuvibana hakuhitajiki chombo cha bei. Mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki, uliokatwa kuwa mkanda mrefu, unazungushwa kwa kuvutwa sana, mara nyingi, juu, katikati na chini. Unabana pande zote kwa nguvu sawa. Ngoma inaachwa siku nzima. Kisha kona za nje zinapigwa randa mpaka mwili uwe mviringo. Ukuta unabaki na karibu sentimita 2 pale vipande vinapokutana, na hiyo inatosha.

Mbao ziwe kavu. Ubao uliotoka kwenye lori wiki hii bado una maji. Utaunganishwa vizuri leo, na kiangazi cha mwezi wa kwanza kikifika kila kiungo kitafunguka. Kuuacha ndani ya nyumba miezi miwili au mitatu, ukiwa umepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, ni kazi isiyo na gharama.

Njia ya tatu: pipa, kopo na bidoni

Kinshasa imeonyesha dunia kwamba takataka inaweza kuimba. Konono N°1 walitengeneza maikrofoni zao kwa vipande vya magari ya zamani. Staff Benda Bilili walifika majukwaa ya Ulaya na satonge, chombo cha waya mmoja na kopo. Fulu Miziki, jina linalomaanisha muziki wa takataka kwa Kilingala, wanajenga karibu vyombo vyao vyote kwa vitu vilivyotupwa.

Kwa gros kes, pipa la chuma la lita 200 lina upana wa karibu sentimita 57. Gros kes ya kawaida ya kiwandani ni inchi 22, yaani sentimita 56. Urefu wa pipa ni karibu sentimita 88. Likikatwa katikati linatoa mbili zenye kina cha sentimita 44, kipimo kilekile cha dukani. Upande wa kuwekea ngozi uwe ule wenye ukingo uliokunjwa na kiwanda, kwa sababu ni mviringo na hauna makali. Upande uliokatwa kwa msumeno utaikata ngozi kama wembe.

Hapa kuna onyo. Pipa tupu lililokuwa na esansi ni la hatari kuliko lililojaa. Mvuke uliobaki ndani umechanganyika na hewa, na cheche moja ya mashine ya kukatia chuma, au moto wa kuchomelea, inatosha kulilipua. Pipa la mafuta ya kupikia ndilo la kuchagua. Hata hilo linaoshwa kwa sabuni na kujazwa maji mpaka chini kidogo ya mstari wa kukata. Mapipa yaliyobeba dawa za mashamba au dawa za kuchimbia dhahabu yasiingie nyumbani kabisa. Hakuna kuosha kunakotosha.

Kwa ngoma ndogo, vijana wengi hutumia filme ya hospitali, ile ya radiografi, badala ya ngozi. Si mchezo wa watoto. Filme hiyo ni plastiki ya poliesta yenye unene wa karibu milimita 0,18. Ngozi za plastiki za bateri zinazouzwa dukani, zile ambazo Remo Belli alianza kuzitengeneza Los Angeles mwaka 1957, ni za plastiki ya jamii ileile, na unene wake hauko mbali. Filme kubwa ya kawaida ni sentimita 35 kwa 43. Kwa hiyo inafunika ngoma ya sentimita 30 na kuacha sentimita 2 na nusu kila upande kwa ajili ya duara la chuma. Ngoma ya 36 haiwezi. Maji ya javeli yanaondoa picha yote na kuacha plastiki safi. Hilo linafaa kufanywa, kwa sababu filme ina jina na mwili wa mgonjwa, na mwenyewe anapaswa kuwa ameitoa kwa hiari.

Ngozi: hapa ndipo penye kifo

Ngozi bado ndiyo yenye sauti tamu, na Ituri ni nchi ya ng'ombe na mbuzi. Lakini ngozi ndiyo sehemu ya kazi hii iliyowahi kuua watu.

Ugonjwa unaitwa kimeta. Unashika ng'ombe, mbuzi, kondoo na wanyama wa porini. Mnyama anakufa ghafla, mara nyingine damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au sehemu nyingine. Mbegu zake zinabaki kwenye udongo na kwenye ngozi kwa miaka mingi. Jua haliziui. Chumvi haiziui. Kuchemsha ngozi kungeziua, lakini maji ya moto yanaikunja na kuigeuza kuwa kama kole, haifai tena kwa ngoma. Mtengeneza ngoma yuko hatarini kuliko wengine, kwa sababu anakwangua manyoya makavu, vumbi linaruka, naye analivuta.

Hii si hadithi. Mwaka 2006 fundi wa ngoma mjini New York alilazwa hospitalini kwa kimeta cha mapafu, baada ya kukwangua ngozi zilizotoka Afrika ya Magharibi. Alipona. Mwaka 2008 fundi mwingine, London, hakupona. Na karibu zaidi na Bunia, mwaka 2024 kimeta kilithibitishwa katika jimbo jirani la Kivu ya Kaskazini.

Kinga yake inaeleweka. Ngozi inanunuliwa abatwari, ya mnyama aliyechinjwa akiwa mzima na kuonwa na veterineri. Ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe haichukuliwi, hata kama mwenye ng'ombe anaitoa zawadi, hata kama jirani wamekula nyama na hawajaugua. Kukwangua kunafanywa ngozi ikiwa imelowa, nje ya nyumba, pua na mdomo vimefunikwa, mikono isiwe na vidonda. Mtu akiona kipele kisichouma kinachogeuka kidonda chenye katikati nyeusi, au homa na kifua kubana siku chache baada ya kazi, anakwenda hospitali siku hiyohiyo na kusema wazi kwamba alishika ngozi. Dawa ipo na inaponya ikianza mapema. Daktari asipoambiwa, anaweza kutibu malaria.

Ngozi za porini nazo ziachwe. Okapi analindwa kabisa na sheria ya Kongo, na hifadhi yake ya Mambasa, iliyoanzishwa mwaka 1992, iko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1996. Kuhusu swala wadogo na nyani, Ituri haijasahau Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyoua zaidi ya watu 2.200 hapa na katika Kivu ya Kaskazini. Mnyama wa msitu aliyekutwa amekufa ni mlango wa ugonjwa huo. Hata zile ngoma nyembamba ambazo zamani zilifungwa ngozi ya kenge zinalia vizuri kwa ngozi ya mbuzi mdogo.

Kuandaa na kuvuta

Ngozi safi inaloweshwa kwenye maji baridi. Nyama na mafuta vinakwanguliwa upande wa ndani kwa kisu kisicho na makali sana. Manyoya yanaondolewa kwa kuifunika na majivu na maji siku mbili au tatu mpaka yalegee, au kwa wembe ikiwa imelowa. Kisha inaoshwa sana na kutandazwa kwa vigingi kivulini. Jua kali linaikausha upande mmoja na kuivunja.

Siku ya kuifunga, inaloweshwa tena mpaka iwe laini kama nguo. Duara linatengenezwa na chuma cha kujengea cha milimita 6, kinachokunjwa na kuchomelewa, kikiwa kikubwa kuliko ngoma kwa milimita chache tu. Anayetumia kamba anavuta kwa zamu. Anayetumia bulon na ekru anapanga 6 au 8 kwa umbali sawa.

Kukaza hakufuati mduara. Fundi anakaza bulon moja, kisha ile iliyo mbele yake ng'ambo ya pili, kama mtu anayefunga tairi ya gari. Akifuata mduara, ngozi inavutwa upande mmoja na duara linapinda. Ngozi ikiwa mbichi inakazwa kidogo tu, kwa sababu itajikaza yenyewe inapokauka. Anayekaza mpaka mwisho siku ya kwanza anaamka asubuhi na kukuta imepasuka. Baada ya siku mbili au tatu anagonga kwa kidole karibu na kila bulon, sentimita 3 kutoka ukingoni, na kusikiliza. Pale panapolia chini panakazwa, mpaka pote palie sawa.

Msimu wa mvua ngozi inakunywa unyevu na kulegea. Ndiyo sababu wapigaji huisogeza karibu na moto kabla ya misa. Moto wa mbali, dakika chache, ngoma ikigeuzwageuzwa. Mshale wa moto karibu na ngozi unaichoma ndani bila kuonekana, na inapasuka kwenye wimbo wa kwanza.

Majirani na masikio

Ngoma iliyojengwa nyumbani inajaribiwa nyumbani, na hapo jirani anaanza kupiga kelele: "Ngoma yenu inatuua masikio!" Ana haki. Bateri ndani ya chumba cha manjanja inavuka desibeli 100, na wataalamu wa afya wanasema hata 85 zinaharibu masikio kama mtu anazisikia saa nane kila siku. Blanketi ndani ya gros kes, vitambaa juu ya tom, na pamba au mpira masikioni mwa mpigaji na watoto waliokaa karibu, vinapunguza madhara.

Usiku ni jambo lingine. Tangu mwezi wa tano 2021 Ituri iko katika hali ya dharura ya kijeshi, na watu wengi wa Bunia wamejifunza kulala na sikio moja wazi. Mshindo wa ghafla saa nne ya usiku unaamsha mtaa mzima na hofu. Kumwambia shefu wa avenie siku na saa za repetisyo, na kunyamaza jua likizama, ni heshima, na pia ni usalama wa wapigaji wenyewe.

Kuanza na moja

Anayeanza asijenge bateri nzima. Tom moja ya sentimita 30, vipande 12, ngozi ya mbuzi wa abatwari: kazi ya wikendi tatu au nne, ukiacha muda wa kukausha mbao. Ikikoroma, ukingo unapimwa tena kwa tochi. Ikilegea, mvua ndiyo imeongea. Ya pili itakuwa nzuri kuliko ya kwanza, kwa sababu mkono umeshajifunza pembe.

Na ngoma ya namna hii ina faida moja ambayo ile ya dukani haina. Siku ikipasuka, katika parokia, uani, au Kigonze, hakuna haja ya kungoja lori kutoka Kampala. Aliyeijenga anajua kila bulon ilipo, na kabla ya Jumapili inayofuata italia tena.